Rimu 18x9 kwenye Altezza iliyoshushwa: pima kwanza, hela baadaye

Mkuu, umeuliza kama rimu za 18x9 ET20 (kipenyo inchi 18, upana inchi 9, ET nitaieleza hapa chini) zitakaa kwenye Toyota Altezza RS200 uliyoishusha inchi mbili, na umesema muuzaji amekuhakikishia "zinaingia, ni 5x114.3 hizo hizo". Kwenye studi (tano, kwenye duara la milimita 114.3) zitaingia kweli, hapo hajakudanganya. Kazi inaanza siku utakapokata usukani hadi mwisho, au utakapopita tuta ukiwa na watu siti ya nyuma. Mimi nina Altezza pia, AS200. Somo hili nimelilipia matairi mawili na madigadi ya nyuma kushoto, kwa hiyo nivumilie niandike kirefu. Asiye na muda: usizinunue hizo.

Tuanze na hesabu, haihitaji fundi. Rimu yako ya kiwandani ni 17x7 ET50. Inchi saba ni milimita 177.8, nusu yake 88.9. ET50 maana yake sehemu ya rimu inayokaa kwenye habu (kitovu kinachofungiwa gurudumu) imesogea milimita 50 kuelekea nje kutoka katikati ya upana wa rimu. Toa 50 kwenye 88.9, unabaki na 38.9: hicho ndicho kiasi ambacho ukingo wa nje wa rimu unatokeza kupita uso wa habu. Jumlisha, unapata 138.9: hicho ndicho kiasi inachoingia ndani, upande wa shokamzoba.

Fanya hivyo hivyo kwa 18x9 ET20. Nusu ya inchi tisa ni 114.3. Nje inatokeza 94.3, ndani inaingia 134.3. Yaani ndani umepata nafuu ya milimita nne na nusu hivi, ila nje umesogea milimita 55. Chukua kiberiti, kilaze kwa urefu wake kuanzia ukingo wa rimu uliyonayo sasa kwenda nje. Rimu mpya itapita hapo kidogo. Sasa angalia madigadi yako iko wapi.

Wengi wanadhani upana wa rimu ndio unaoleta balaa. Upana unachangia, lakini kukuongezea inchi moja bila kugusa ET ni milimita 12.7 tu kila upande. Kinachokutoa nje ni ile namba ya ET. Inavyopungua, gurudumu linatoka. Muuzaji anayekutajia inchi na matundu bila kutaja ET anakuuzia nusu ya habari. Namba yenyewe mara nyingi imepigwa chapa nyuma ya rimu, kwenye mikono au karibu na habu, ukifuta vumbi utaiona.

Halafu tairi. Lako la sasa ni 215/45R17 (215 ni upana kwa milimita, 45 ni ubavu kwa asilimia ya upana huo, 17 ni inchi za rimu), kimo chake chote ni kama milimita 625. Ukivalisha 235/40R18 unafika 645. Nusu ya hiyo tofauti inapanda juu, sentimita moja inaliwa kwenye nafasi ambayo tayari umeipunguza kwa kushusha gari. Na spidi mita itakusomea pungufu: ikionyesha 100, wewe uko kama 103.

Mimi nilifanyaje? Nilikata springi. Ndiyo, najua. Fundi alipitisha grainda, akaondoa mzunguko mmoja na nusu, gari likakaa chini likapendeza, nikapiga picha. Zamani hizo nilikuwa na rimu 16x6.5 na tairi 205/55R16, halikusugua popote. Ila shokamzoba zilianza kugonga raba za kuzuia kwenye kila tuta la mtaani, na nikilipandisha gari kwenye jeki springi inalegea kabisa kwenye kikalio chake, unaweza kuizungusha kwa mkono. Springi inayolegea hivyo siku ukiruka shimo inaweza kurudi vibaya. Usikate. Kama za kwako zimekatwa, hilo litangulie kabla hujawaza rimu.

Baadaye nikanunua 17x8.5 ET30 na 225/45R17. Kimo cha tairi kilikuwa karibu sawa na cha zamani, 634 kwa 632, nikajiona nimepiga hesabu kama mhandisi. Hesabu ya kutokeza nje sikuifanya. Ilikuwa sentimita nne na nusu zaidi ya rimu zangu za awali. Nyumbani nikizunguka gari naona kidole kinapita kati ya tairi na madigadi, nikaridhika. Mjini wiki mbili, peke yangu garini, kimya.

Tukapata safari ya Morogoro, watu watatu nyuma na mizigo kwenye buti. Tulipoanza matuta ya Kibaha nikasikia sauti kama mtu anachana turubai. Abiria mmoja akasema ni mzigo unasogea. Tulipofika Chalinze nikasimama kuangalia: ukingo wa ndani wa madigadi, ule uliokunjwa kama mdomo wa sufuria, ulikuwa umelinyoa bega la tairi la kushoto mpaka nyuzi zinaonekana. La kulia lilikuwa limechubuka tu. Tulirudi Dar kwa mwendo wa jeneza, na ile safari ya Morogoro mke wangu bado ananidai.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba gari lililosimama halikwambii kitu. Gurudumu linapanda na kushuka, na kwenye Altezza lina amu mbili (mikono ya chuma inayolishika), juu na chini, mbele na nyuma. Likipanda, kichwa cha tairi kinalalia ndani. Kwa hiyo tairi linaloonekana limetokeza linaweza kujificha chini ya madigadi likipanda, na lililoonekana salama linaweza kukuta ukingo mahali ambapo hukutarajia. Huwezi kujua kwa macho.

Njia ninayotumia siku hizi ni hii, na ndiyo ningependa uifanye kabla ya kutoa hata shilingi. Mwombe muuzaji rimu moja yenye tairi, mwachie dhamana. Gari liwe juu ya stendi imara, si jeki peke yake. Fundi mwenye vibanio vya springi atoe shokamzoba, aondoe springi, arudishe shokamzoba tupu lakini raba ya kuzuia ibaki. Usijaribu kufungua springi bila vibanio, ikifyatuka inaua. Funga gurudumu. Kisha weka jeki chini ya amu ya chini na upandishe polepole mpaka shokamzoba ifike kwenye raba. Hapo ndipo gari lako litafika siku ya tuta na mzigo.

Kabla ya kupandisha, kanda unga wa ngano kama wa chapati, mgumu kidogo, bandika madonge kwenye ukingo wa madigadi, kwenye plastiki ya ndani, na upande wa ndani karibu na shokamzoba na amu. Pandisha, shusha, kisha pima unene wa donge lililobaki. Fundi wangu alicheka siku ya kwanza, sasa anafanya hivyo kwa wateja wengine na unga ananunua mwenyewe. Mimi nataka ibaki angalau milimita 5 ndani na 8 nje, kwa sababu tairi linajipinda ukikata kona na bushi za gari la mtumba zimelegea. Kwa mbele rudia zoezi ukiwa umekata usukani kushoto mwisho, kulia mwisho, na katikati ya hapo. Mbele huwa linagusa pale bampa linapoungana na madigadi, na kwenye plastiki kwa nyuma.

Ukikuta linagusa ukingo wa madigadi kwa milimita chache, ukingo unakunjwa ndani. Lakini kuna kukunja na kuna kubomoa. Fundi wangu wa kwanza alitumia nyundo na kipande cha mbao, rangi ikapasuka, na kwa hewa ya chumvi ya hapa Dar, masika moja tu kutu ikaanza kutambaa. Ikunjwe kwa mashine ya rola inayofungwa kwenye habu, rangi ikiwa imepashwa moto kwanza, kidogo kidogo, na baadaye upakwe dawa ya kutu kwa ndani. Chunguza pia kama gari liliwahi kupigwa pembeni. Chini ya rangi kunaweza kuwa na puti, na hiyo haikunjiki, inavunjika.

Kuna watakaokushauri uvalishe tairi jembamba kwenye rimu pana ili ubavu ulale. Kwenye picha linavutia. 215/45R17 limetengenezwa kwa rimu ya inchi 7 hadi 8. Ukilivuta kwenye 9, ubavu hauna tena kazi ya kumeza shimo, rimu ndiyo inameza. Kwa barabara zetu mimi siwezi.

Alaimenti usiiahirishe hata siku moja. Ukishusha gari, kemba (mlalo wa gurudumu ukilitazama kwa mbele) inazidi kuwa hasi, yaani juu linalalia ndani, na too (mwelekeo wa magurudumu ukiyatazama kutoka juu) inahama. Watu wanalaumu kemba kwa kula tairi upande wa ndani, ila too iliyokosewa ndiyo mlaji mkubwa. Tairi linaburutwa pembeni kila mita unayotembea. Na upande wa ndani huuoni ukiwa umesimama nje ya gari. Mimi nilidhani matairi yangu bado mapya, kashata (meno ya tairi) zote zipo, kumbe ndani kipara. Kila mwezi nikiosha gari napitisha kiganja nyuma ya tairi.

Vidogo vidogo ambavyo watu wanaviruka: tundu la katikati. Habu ya Toyota yako ni 60.1, rimu nyingi za kuuza ni 73.1. Bila ringi ya kujaza pengo gari linatetemeka ukivuka 80 na utapigishwa balansi mpaka uchoke. Nati pia, zile za kiwandani zenye washa bapa hazikai kwenye rimu yenye tundu la koni, nunua za koni za M12x1.5. Zikazwe kwa spana ya kipimo, Nm 103, urudie baada ya kilomita 100. Spesa za kuchomeka sizipendi, kila milimita unayoweka inapunguza uzi wa studi unaoshika nati. Na kadiri gurudumu linavyotoka nje ndivyo beringi zinavyobeba mzigo kwa mkono mrefu zaidi, na usukani unaanza kufuata mifereji ya malori.

Kwa gari lako, kama ungekuwa mdogo wangu wa tumbo moja ningekwambia 17x8 ET38 na 215/45R17. Nje utasogea milimita 25, ndani karibu haibadiliki kabisa, kimo kilekile. Ndiyo niliyonayo mimi sasa, na nikilinganisha na ile 8.5 ya zamani nimerudi ndani milimita 14. Madigadi bado ilibidi ikunjwe kidogo nyuma, lakini haligusi. Kama moyo umekataa kitu kingine isipokuwa 18, tafuta 18x8 ET40 na 215/40R18, na uchague lenye namba ya mzigo 89, si 85, maana 89 linabeba kilo 580 na 85 kilo 515. Jua tu kwamba ubavu utashuka kutoka karibu milimita 97 hadi 86. Na kama ni matairi ya mtumba, soma tarakimu nne za mwisho za DOT, namba ya utengenezaji iliyopigwa ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Lililokaa miaka mingi silinunui hata kama kashata imejaa.

Inchi mbili ulizoshusha nazo ziangalie upya. Yangu nimeirudisha hadi kushuka sentimita tatu na nusu tu kwa springi za dukani, na hakuna aliyewahi kuniambia imepanda.

Ukishafanya zoezi la unga, weka vipimo hapa, magurudumu yote manne, siyo moja. Yangu nyuma kushoto na kulia yanatofautiana milimita 6, na ndiyo sababu upande mmoja ulikatwa na mwingine ukachubuka tu.