Kuhama nchi kwa sababu ya uchaguzi

Dada yangu, umeeleza kwamba wewe ni muuguzi wa serikali hapa Dodoma, kwamba tangu uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 ndugu zako hawasalimiani, na kwamba unataka kuhamia Kanada "moja kwa moja", usirudi tena.

Uchungu wako nauelewa, na sikulaumu. Hata hivyo, ugomvi wa ndugu hauishii uwanja wa ndege. Utakufuata katika simu kila jioni, nawe utakuwa mbali na mezani ambapo ungeweza kusuluhishwa. Kama unahofia usalama wako mwenyewe, hilo ni jambo jingine, na usisubiri ushauri wangu.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni neno lako "moja kwa moja". Kufanya kazi ugenini hakukuondolei uraia, lakini sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha, kwa hiyo siku utakayoapa kuwa raia wa Kanada utaupoteza wa Tanzania, na lile shamba la zabibu la Mpunguzi ulilolitaja litaingia mashakani, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inambana sana asiye raia. Kura nayo hupigwa hapa nchini tu.

Ningekuwa wewe, ningemuuliza kwanza mwajiri kuhusu likizo bila malipo, kisha ningeulizia masharti ya kusajiliwa kuwa muuguzi huko kabla ya kuuza chochote. Mama yako je, amekwisha kusikia habari hii kutoka kinywani mwako?