Mizani ya samaki na joistiki ya mezani

Kwa miaka miwili nimerusha Cessna 172, ndege ndogo, kwenye simyuleta ya kompyuta kutoka meza ya chakula, hapa Shangani, Mtwara, mpaka umeme ukatike. Uwanja wa Mtwara nimetua mara mamia. Siku rubani mmoja, mwalimu wa urubani, alipokuja na Cessna ya kweli akanipa kiti cha kushoto, nilipanda kifua mbele.

Kabla hata injini haijawaka nikashangaa: usukani umelala mbele, legelege. Joistiki yangu, ile fimbo ya kurushia kwenye kompyuta, husimama katikati muda wote kwa sababu ya springi. Kwenye Cessna kuna nyaya za chuma zinazokwenda hadi elevata, kibawa cha mkiani kinachoinua na kushusha pua, na kinachoushupaza usukani ni upepo unaoipiga elevata hiyo. Ndege ikisimama, mkono haushiki kitu. Mwendo ukizidi mara mbili, kuikunja elevata kiasi kilekile kunadai nguvu mara nne hivi.

Juu ya ghuba ya Mikindani nikashusha flapu, vile vibawa vya nyuma ya mabawa vya kurukia polepole. Pua ikainuka, nikasukuma, mkono ukaanza kutetemeka. Mwalimu akasema: "Mdogo wangu, huyo kuku utamkaba mpaka afe. Zungusha trimu!" Nikazungusha gurudumu la trimu karibu na goti, lile linalouondolea mkono uzito wa usukani, na huku nazungusha, mkono wa kushoto ukafanya ulichozoea nyumbani: ukaurudisha usukani taratibu. Pua ikapanda tena.

Kosa lenyewe ndilo hilo. Kwa joistiki ya springi, ukiweka trimu lazima mkono urudi katikati. Kwenye Cessna mkono unabaki palepale ulipo; kinachoondoka ni uzito tu. Shika pua isitikisike kwenye upeo wa macho, zungusha mpaka vidole visihisi kitu, ndipo uachie.

Niliporudi niliazima mizani ya kuning'iniza kwa mjomba anayeuza samaki, nikaitia ndoano kwenye joistiki, nikavuta hadi mwisho. Haikufika kilo moja. Kanuni za Marekani za ndege ndogo ziliruhusu kwa miaka mingi usukani udai hadi pauni 75, yaani kilo 34, kwa muda mfupi na mikono miwili. Kwa muda mrefu, pauni 10 tu. Ndiyo maana trimu ipo.

Usikimbilie kununua joistiki ya mota, inayoiga uzito wa usukani, bei yake inauma. Trimu itoe kwenye kitufe, iwe kitu cha kuzungusha. Mwalimu mwambie mapema kwamba umetokea kwenye simyuleta, usione haya. Usukani ushike kwa vidole vitatu. (Anayeota A220 za Air Tanzania atulie: fimbo yake nayo ni ya springi.)

Na kwenye kutua, mkiwa wawili mbele pua ni nzito, vuta kwelikweli. Mimi nilivuta kwa nguvu ya mezani. Mwalimu akaingiza mkono, akamalizia kuvuta, kisha akageuka kutazama mikorosho.