Usilipie darasa la kumeza T kabla hujajua kufunga neno

Mkuu, usilipe hiyo hela. Kama umeshatoa nusu, iliyobaki ikae mfukoni mwako.

Umesema una usaili wa kazi ya mapokezi kwenye hoteli ya ufukweni Zanzibar mwezi ujao, na kuna mwalimu wa mtandaoni anayekuahidi lafudhi ya Kimarekani ndani ya wiki chache: kuviringisha R, kumeza T mwishoni mwa neno, "water" iwe "wara". Umeuliza kama bei yake ni ya haki, umeuliza TH, umeuliza jinsi ya kuacha kuchanganya R na L, na umeuliza programu gani ya simu inafaa. Nilipofika hapo kwenye kumeza T nikaacha kazi iliyokuwa mbele yangu. Ndicho nilichofundishwa mimi, na nilikilipia mara mbili: kwanza ada, halafu kazi yenyewe.

Nilikuwa kwenye ofisi ya kampuni moja ya utalii Arusha, nakaa kwenye simu na barua pepe, napanga safari za wageni. Kiingereza changu kilikuwa cha shule zetu za kawaida, kila neno linamaliziwa na kairabu kadogo: "booki", "nexti week", "roomu". Wageni walinielewa vizuri tu. Aliyeniambia sieleweki ni mwalimu mmoja wa lafudhi, jamaa aliyekaa ughaibuni akarudi na sauti ya mtangazaji. Alitushawishi kwamba Mtanzania anajulikana kwenye herufi za mwisho, kwa hiyo dawa ni kuzimeza. D iguse tu. T usiitamke kabisa. "Can't" sema "kan" halafu kata pumzi. Darasa zima tunarudia "ai kan, ai kan", naye anatupigia makofi.

Sasa sikiliza. Julai, msimu umechanganya, mama mmoja akapiga simu kuulizia vyumba kwenye loji iliyo ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Anakuja na familia nzima, safari ya pesa ndefu. Laini inakatakata. Akauliza kama tunaweza kumshikia vyumba mpaka Ijumaa bila malipo ya awali. Nikamjibu kwa ulimi wangu mpya: "We can't hold them till Friday." Akasema asante sana, umenisaidia mno. Nikamwona mstaarabu, amekataliwa na bado anashukuru.

Ijumaa akapiga, kadi mkononi, tayari kulipa. Vyumba vilishachukuliwa na wengine.

Kampuni ilikuwa inarekodi simu. Bosi akaniita, akabonyeza, tukasikiliza wote wawili. "We kan hold them till Friday." Akarudisha nyuma. "We kan hold them." T haipo. Hakuna hata alama kwamba palikuwa na T. Mimi niliyetamka, ninayejua nilikusudia nini, nilisikia "can". Ningemwambia bosi nini? Mama alifuta safari yote akahamia kampuni nyingine, kamisheni ikaondoka naye, na mkataba wangu ulipofika mwisho haukuendelezwa.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba mwalimu yule hakudanganya kila kitu. Alisema nusu. Ni kweli Wamarekani wengi hawaiachii T ya mwisho itoke isikike. Lakini hakutuambia kinachobaki T ikishaondoka. Mmarekani akisema "I can go", hiyo "can" inakuwa dhaifu, karibu haina irabu, "ai kn go", na uzito wote uko kwenye "go". Akisema "I can't go", "can't" ndiyo inayobeba uzito, na irabu yake ni nene na kamili. Msikilizaji wake ameshajua ni hapana kabla T haijafika. Kwa Waingereza wa kusini ni rahisi zaidi, maana irabu zenyewe ni tofauti: "can" ina irabu fupi, "can't" wanaivuta "kaant".

Sisi A yetu ni moja. Tunasema "kan" na "kant" kwa A ileile ya "kanga", na maneno yote mawili tunayapa uzito sawa. Kwa hiyo mdomoni mwa Mswahili T ndiyo inayobeba hapana yote. Ukiimeza, umesema ndiyo. Mtu anayechukua hela za vijana wanaotafuta ajira kwa kuwafundisha kuondoa konsonanti hiyo, bila kuwafundisha irabu wala mkazo, anawauza. Sitafuti neno laini zaidi ya hilo.

Ongeza na simu. Laini ya kawaida ya simu imezoea kupitisha sauti za kati ya takribani 300 na 3,400 Hz (mitetemo kwa sekunde), na sehemu kubwa ya mlio wa S, F na TH iko juu ya hapo. Yaani kabla hujameza chochote, simu yenyewe imeshakumegea konsonanti. Mtu wa mapokezi anashinda kwenye simu, na wewe unataka kuongezea simu makali?

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, nitaipigania mpaka mod, msimamizi wa jukwaa hili, afunge uzi: FUNGA NENO. Kabla ya R, kabla ya lafudhi, kabla ya kitu chochote, kila neno la Kiingereza linaloishia na konsonanti lifike mwisho wake.

Tatizo letu la asili linajulikana. Maneno ya Kiswahili yanaishia na irabu, ndiyo maana "bank" ilipoingia ikawa benki, "shirt" ikawa shati, "ticket" ikawa tiketi. Ulimi haupendi kuishia pabaya, unatafuta irabu ya kukalia. Ukisema "booki" badala ya "book", utasikika mgeni, basi. Mgeni ataelewa. Ukisema "boo" ukaiacha hewani, amepotea. Mwanaisimu wa Uingereza, Jennifer Jenkins, alichapisha mwaka 2000 kazi yake kuhusu watu wasio wazawa wa Kiingereza wanavyoelewana wao kwa wao, na mojawapo ya mambo aliyoyaona ni hilo: kuongeza irabu kunavuruga kidogo kuliko kudondosha konsonanti. TH ya Kiingereza hakuiweka hata kwenye orodha ya vitu vya lazima. Na wewe fikiria watakaosimama mbele ya meza yako huko Zanzibar: Wataliano, Wafaransa, Wajerumani, Wapolandi. Mpolandi aliyechoka na safari ya ndege "wara" yako itamsaidia nini?

Kufunga neno kuna siri moja ambayo hakuna aliyeniambia darasani, nikaijua baadaye nikiwa nasikiliza rekodi zangu mwenyewe. Sema "seat", kisha sema "seed". Utadhani tofauti iko kwenye T na D. Ipo, lakini sikio la msikilizaji linashika zaidi urefu wa irabu iliyotangulia. Mbele ya T, K, P, S, F irabu inakatwa fupi. Mbele ya D, G, B, Z, V irabu inavutwa. "Seat" unaikata, "seed" unaivuta. "Back" unaikata, "bag" unaivuta. "Ice" fupi, "eyes" ndefu, na hiyo ya mwisho inaishia na Z japo imeandikwa S. Kwa kazi yako: "price" na "prize", "safe" na "save". Mgeni akiuliza habari za kisanduku cha kufungia pasipoti chumbani, ukamjibu "save", atakukazia macho.

Fanya hivi. Weka kiganja kooni, sema "zzz" kisha "sss". Z inatetemesha, S haitetemeshi. Sasa sema "eyes" ukivuta irabu na koo likitetemeka karibu mpaka mwisho, kisha "ice" ukikata ghafla. Rekodi kwa kinasa sauti cha simu yako. Usisikilize hapohapo, maana sikio lako bado linakumbuka ulichokusudia na litakupendelea. Sikiliza kesho yake bila kujua ulianza na lipi, kisha andika ulichosikia. Ukishindwa kutofautisha, hata mgeni atashindwa.

Jambo la pili, na hili litakusaidia kuliko darasa lolote. Usihangaike kusimama kwenye konsonanti kama hauwezi. Ihamishie kwenye neno linalofuata. Kiingereza kinachozungumzwa kinafanya hivyo muda wote: neno likiishia na konsonanti na linalofuata likianza na irabu, konsonanti inahama. "Check out" inakuwa "che-kaut". "Pick it up" inakuwa "pi-ki-tap". Angalia hizo silabi, mkuu. Konsonanti, irabu, konsonanti, irabu. Hapo ulimi wa Mswahili uko nyumbani kabisa. Anza na vifungu vya aina hiyo, T na K zako zitatoka zenyewe bila irabu ya kubandika, halafu ndiyo uende kwenye magumu kama "first floor", ambapo S, T, F na L zimepangana bila irabu hata moja kati yao.

Na ile -ed ya wakati uliopita. Watu wengi huku tunasema "book-ed", "check-ed", silabi mbili. Ni "bukt", "chekt", silabi moja, inaishia na T. Baada ya sauti zinazotetemesha koo kama N, L, V au baada ya irabu, ni D: "cleaned", "called", "stayed". Silabi ya ziada inakuja tu neno likiwa lenyewe linaishia na T au D: "wanted", "needed". Ukiiacha kabisa, "I checked" inakuwa "I check", na mgeni hajui kama umeshaangalia au ndiyo unakwenda kuangalia.

TH nitakujibu haraka kwa sababu umelalamika kwamba ndiyo inayokunyima usingizi. Tayari unayo. "Think" inaanza kama thamani na thelathini. "This" inaanza kama dhahabu na dhambi. Kama nyumbani kwenu mnasema "selasini" na "zahabu", nenda karekebishe Kiswahili chako kwanza, Kiingereza kitafuata bila kulipa mtu. Vilevile "morning" inaishia na ng' ya ng'ombe, si ng ya ngoma. Wanaotuuzia sauti hizi wanatuuzia vitu vilivyomo kabatini mwetu.

Na kama bado unaamini TH ndiyo kipimo cha Kiingereza safi, sikiliza marubani. Kwenye mawasiliano ya ndege, ambako neno likisikika vibaya watu wanaweza kufa, kanuni za kimataifa zinataka "three" itamkwe "tree". TH imeondolewa kabisa. "Five" inatamkwa "fife", na "nine" imeongezewa mkia ikawa "niner", isichanganywe na nyingine. Wanaongeza mwisho wa neno, hawaupunguzi. Na rubani asiyeweza kutekeleza agizo hajibu "can't". Anasema "unable". Nilipoisoma hiyo niliwaza yule mama wa Ngorongoro, nikakasirika upya.

Kwa hiyo ukiingia kazini, na hata kwenye usaili, hasa wakikupa igizo la kupokea simu: usitumie "can't". Sema "cannot", silabi zote mbili, au "we are not able to". Baada ya kukataa, rudia kwa upande wa pili: "So the room will not be kept after Thursday." Namba usiziache hivihivi. "Thirteen" na "thirty" zinachanganya hata wazawa, na tofauti yake iko kwenye mkazo na ile N ya mwisho. Sema "thirteen, one three". Jina la mgeni litaje herufi kwa herufi, kisha mwache athibitishe. Meneja anayejua kazi akisikia hivyo anajua huyu hatanipotezea wateja.

Bei ya huyo mwalimu wako? Hata angefundisha bure.

Rekodi sentensi hizi nne kwa sauti yako ya kawaida, bila kuigiza Mmarekani yeyote: "We cannot change it, but we can ask." "I've checked the price." "Your bags are on the first floor." "The guests left at eight." Zirekodi ukiwa umesimama, simu ikiwa mbali kidogo na mdomo, kisha ziweke hapa kwenye uzi. Nitazisikiliza zote kwa spika, na nitakuandikia ni neno gani umeliacha wazi.