Bajeti ya uhifadhi wa pwani isomwe kuanzia mwaka wa nne

Mradi wa kwanza wa pwani niliopewa kuupangia bajeti uliishia kuwa uwanja wa vijiti vilivyokufa. Tulikuwa na fedha za mwaka mmoja, mfadhili akataka kuona idadi ya miche iliyopandwa kabla mwaka haujaisha, nasi tukachagua tope pana lililokuwa likionekana wazi maji yanapokupwa, kwa kuwa lilikuwa tupu na halikuwa na mwenyewe wa kutuzuia. Tulipanda mikoko kwa mistari iliyonyooka. Niliporudi baada ya miezi minane nilikuta mashina yamesimama bila jani hata moja, yamefunikwa na viumbe wadogo wenye magamba makali, na nilipovuta moja liling'oka mkononi, mizizi imeoza na inanuka.

Mama mmoja aliyekuwa akiokota chaza karibu na hapo aliniambia kwa upole kwamba sehemu ile haikauki siku za maji mafu, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kidogo tu. Alilijua hilo miaka yote, ila hakuna aliyemwuliza.

Sasa naelewa alichokuwa akinifundisha. Mikoko mingi huishi katika nusu ya juu ya ukanda unaofunikwa na kuachwa na maji, kwa sababu mizizi yake inahitaji kupata hewa kwa saa za kutosha. Tope lililo chini ya hapo huwa tupu kwa sababu mikoko haiwezi kuishi hapo, na mara nyingi ndiko ndege wa pwani wanakotafuta chakula au ndiko nyasi bahari zinakoota. Kosa letu halikuwa geni: baada ya tsunami ya Desemba 2004, miradi mingi ya kupanda mikoko ilianzishwa Sri Lanka, na watafiti waliorudi miaka kadhaa baadaye walikuta baadhi ya maeneo hayana hata mche mmoja ulio hai.

Ndiyo maana nashauri kwamba fungu la kwanza la bajeti liwe la kuyajua maji na kuijua ardhi, na lidumu mwaka mzima, ili watu watembee eneo lote wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na wakati wa maji mafu, wakiongozwa na wanaoishi kwa kuokota na kuvua hapo, na walipwe kwa ujuzi wao kama anavyolipwa mtaalamu mwingine yeyote. Mara nyingi matokeo ya matembezi hayo ni kwamba mahali panapofaa ni mabwawa ya kufugia kamba wa baharini yaliyotelekezwa nyuma ya kingo za udongo. Hapo miche huenda isihitajike kabisa. Mbegu za mikoko mingi huchipua zikiwa bado zinaning'inia juu ya mti, kisha huanguka na kuelea. Ukingo ukikatwa mahali sahihi na kukiwa na mikoko mingine jirani, maji yenyewe huzileta. Gharama kubwa huwa kwenye hati ya umiliki, kwa maana bwawa lina mwenyewe na tope halina, na naamini hiyo ndiyo sababu fedha nyingi zinakimbilia tope. Weka fedha za mwanasheria na muda wa mazungumzo kabla hujaweka fedha za kitalu.

Jambo la pili ni kusubiri, na anayesubiri ni nani. Mvuvi anapoambiwa sehemu fulani imefungwa, yeye ndiye anayetoa mtaji wa kwanza wa mradi, maana anaacha kipato cha leo kwa ahadi ya kesho. Katika kijiji cha Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, mwaka 2004 walianza kwa kufunga eneo dogo la kuvulia pweza kwa miezi michache tu. Pweza hukua haraka, hivyo eneo lilipofunguliwa watu waliuona uzito wa pweza kwa macho yao, na vijiji jirani vikaiga. Samaki wa matumbawe hawana haraka hiyo: huko Cabo Pulmo, Meksiko, hifadhi ilitangazwa mwaka 1995, na kati ya 1999 na 2009 uzito wa samaki wote kwa eneo uliongezeka zaidi ya mara nne. Kwa hiyo panga faida ya karibu itangulie ile ya mbali, na katika pengo lililobaki pawe na fedha halisi za kuwafidia wanaosubiri. Semina haifidii samaki ambaye hakuvuliwa.

Mpango wa mkoa wa ujenzi na matumizi ya ardhi nao usiachwe mezani kwa watu wengine. Nimewahi kuona matumbawe yaliyopandikizwa kwa uangalifu mkubwa yakizikwa na udongo baada ya mvua moja, kwa sababu barabara mpya huko mlimani ilijengwa bila mifereji ya kutosha. Fedha zile zingejenga mifereji hiyo, zingehifadhi matumbawe mengi zaidi.

Kuhusu vyanzo vya fedha, mifano ipo. Mwaka 2018 Shelisheli ilikuwa nchi ya kwanza kutoa hatifungani ya buluu, yaani hati ya mkopo wa kugharamia shughuli za bahari, ya dola milioni 15 za Marekani, na sehemu ya fedha hizo ilitengwa kwa ruzuku kupitia mfuko wa uhifadhi. Huko Gazi, Kenya, mradi wa Mikoko Pamoja huwauzia wanaotaka kufidia uchafuzi wao hati za hewa ukaa inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko, na mapato yake yamegharamia maji na shule. Hata hivyo, bei ya hati hizo hupanda na kushuka, kwa hiyo usizitegemee kulipa mshahara wa mlinzi.

Siku hizi nikiletewa bajeti ya mradi wa pwani huanza na ukurasa wa mwaka wa nne. Hutafuta mafuta ya boti ya doria, posho ya wanaopima samaki ndani ya hifadhi na katika eneo la kulinganisha nje yake, na jina la kikundi cha wenyeji kitakachotia sahihi kwenye akaunti mfadhili akishaondoka. Nikikuta ukurasa huo mtupu, humrudishia aliyeuandika ukiwa umefunguliwa hapo hapo.