Kabla hujabadilisha beringi

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, wazazi wa hapa Tanga hunipigia simu: mtoto anataka uhandisi wa mitambo, aanzie wapi? Njia ni mbili. Asome PCM (fizikia, kemia na hesabu) kidato cha tano na sita, kisha chuo kikuu miaka minne. Au aingie diploma ya miaka mitatu, awe fundi sanifu, halafu ajiendeleze. Mimi nilipita hiyo ya pili, na ningeambiwa nianze upya leo ningepita hiyohiyo.

Kazi ya kwanza niliipata kiwanda cha mkonge, kwenye korona, ile mashine inayoponda jani na kulikwangua mpaka zibaki nyuzi. Kilo 100 za majani hutoa nyuzi kilo 4 hivi. Nyingine zote ni maji na makapi, na makapi yanaondolewa kwa maji. Pampu ikisimama, korona nayo imesimama.

Pampu yetu ilikuwa inakula beringi, kile kipande kinachoshikilia shafti ikizunguka. Nilibadilisha ya kwanza, wiki mbili ikanguruma. Ya pili nikaisingizia grisi. Naishika ya tatu, fundi mchundo mmoja, mzee wa darasa la saba, akaniambia, "Ngoja kwanza, mwanangu." Akalegeza boliti moja ya mguu wa mota, akanishika kidole akakiweka pale mguu unapokutana na kitako, yaani bamba mota inapofungwa. Nikausikia mguu unanyanyuka.

Mota ilikuwa imekalia miguu mitatu. Kila nilipokaza boliti ile, mwili wa mota ulipinda, na shafti yake haikuwa tena kwenye mstari mmoja na ya pampu. Tulikata kibati chembamba, tukakipachika chini ya mguu, tukapanga upya kaplingi, kiungo cha shafti ya mota na ya pampu. Beringi ile ya tatu niliiacha inazunguka siku naondoka kiwandani.

Chuoni nilikuwa nimefaulu hesabu yenyewe: beringi ya gololi ikibebeshwa mzigo mara mbili, umri wake unapungua mara nane. Nisichokijua ni kutafuta mzigo wa ziada umetoka wapi. Hilo nimelipata kwa yule mzee, na mpaka leo nikikuta kifaa kimekufa mara ya pili, sigusi spea kabla sijapima kitako.

Vijana wengi sasa wanaitazama Chongoleani tu, hapa Tanga, linapoishia bomba la mafuta ghafi. Wana haki, bomba lile la kilomita 1,443 kutoka Uganda ni kazi ya mitambo hasa: mafuta yake yana nta, yakipoa yanaganda, kwa hiyo lazima yapashwe joto njia nzima. Lakini pampu na beringi ziko pia bandarini, relini, viwanda vya saruji na mashamba ya mkonge kuelekea Korogwe. Usikae nyumbani ukisubiri mradi mmoja.

Ukishamaliza digrii, ulizia mafunzo ya miaka mitatu ya wahandisi wahitimu yanayosimamiwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Bila kusajiliwa huruhusiwi kufanya kazi kama mhandisi.

Barua ya fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, peleka mapema, nenda nayo mwenyewe, uwe na vernia yako ya kupimia na daftari. Wakikuuliza unataka kukaa idara gani, sema karakana.