Nidhamu haifungiwi getini

Mzazi wa Tukuyu anauliza: "Kwenye kikao cha wazazi tuliambiwa nidhamu ya wanafunzi imepanda, kwa kuwa siku hizi geti linafungwa mchana kutwa na anayechelewa kuhesabiwa namba anachapwa. Mzazi mwenzetu akasema huo ni udhibiti, si nidhamu. Nani yuko sahihi?"

Mzazi mwenzenu yuko sahihi kabisa.

Maneno yote mawili yana asili ya Kiarabu. Nidhamu ni mpango, utaratibu, na ina undugu na nadhimu, yaani kutunga shairi. Dhibiti ni kushika barabara, kitu kisiponyoke. Sarufi ndiyo inayoyatenganisha vizuri zaidi. Ukisema "nidhamu ya wanafunzi", wenye nidhamu ni wanafunzi wenyewe. Ukisema "udhibiti wa wanafunzi", wanafunzi ndio wanaoshikwa, na mshikaji ni mtu mwingine. Ndiyo maana Njombe watu husema udhibiti wa lumbesa, yaani magunia yaliyojazwa kupita kipimo. Gunia la viazi halina nidhamu. Linasubiri mtu wa vipimo.

Sasa nije kwenye lile linalonichoma miaka yote: "nidhamu ya woga". Msemo huu umeenea maofisini na shuleni, na watu wazima wanautamka kana kwamba ni aina mojawapo ya nidhamu. Hakuna kitu kama hicho! Mwenye woga ameshikwa, na aliyeshikwa amedhibitiwa, basi.

Tazama malori yanayoshuka mlima Kitonga kutoka Iringa. Dereva mmoja anaingiza gia nzito kileleni, kabla kona hazijaanza, na anashuka nayo taratibu hadi chini hata kama ni saa tisa usiku na barabara haina mtu. Mwingine anaachia gia huru ili abane mafuta, breki zinapata moto hadi harufu inamfikia aliye nyuma, kisha akiambiwa kwa taa kwamba trafiki yuko mbele na tochi ya kupimia mwendo, anakanyaga breki na kupita polepole kama mtu mwema. Mbele ya trafiki wote wawili wana mwendo uleule. Wa kwanza ana nidhamu. Wa pili amedhibitiwa kwa mita chache, na zikiisha anarudia mchezo wake. Nani atathubutu kusema wa pili ana "nidhamu ya woga"? Hana nidhamu hata chembe. Hata kifaa kinachofungwa kwenye mabasi tumekiita kidhibiti mwendo, na aliyekiita hivyo alijua anachokisema.

Sidai kwamba udhibiti ni neno baya. Breki ni udhibiti, na kwenye mteremko ule bila breki hakuna anayefika Mahenge kule chini. Geti la shule nalo lina kazi yake. Ninachokataa ni mwalimu kulihesabu geti kuwa tabia ya mtoto. Akitaka kutoa taarifa ya kweli aseme, "tumeimarisha udhibiti", halafu wazazi wamuulize nidhamu ikoje siku geti likiwa wazi.

"Mwalimu wa nidhamu" nimemzoea, ingawa wengi wanamtambua kwa fimbo yake. Cheo kimeshakaa, tukiache. "Kumtia mtu adabu" pia ni usemi wa siku nyingi, sina ugomvi nao.

Ila tafadhali, wanaoandika matangazo: ni kudhibiti utoro, si "kuthibiti" utoro. Kuthibiti ni kuwa hakika. Utoro uliothibiti bado upo palepale.