Barua kwa Mwanangu: Marubani Waliokosa Warithi

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia kuwa u mzima. Umeniuliza kama ni kweli kwamba nguvu ya ndege za Jeshi la Majini la Japani ilimalizwa na Wamarekani kwa siku moja huko Midway, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki, tarehe 4 Juni 1942, katika Vita vya Pili vya Dunia. Mimi nami niliamini hivyo kwa miaka mingi, na leo naona tulikuwa tukihesabu meli tukawasahau watu.

Meli nne za kubeba ndege, Akagi, Kaga, Soryu na Hiryu, ziliangamia kweli, lakini marubani wao wengi waliokolewa. Kilichowamaliza ni safari zilizoanza Agosti mwaka huohuo kutoka Rabaul, kituo chao, kwenda kupigana na Wamarekani katika kisiwa cha Guadalcanal, mwendo wa takriban kilomita 1,000 kwenda na kiasi hichohicho kurudi, wakiwa ndani ya ndege yao ya kivita ya Zero, ambayo wepesi wake uliosifiwa ulitokana na kukosa bamba la chuma la kumkinga rubani na tangi la mafuta lenye kuhimili risasi. Oktoba 26, katika mapigano ya baharini karibu na visiwa vya Santa Cruz, Wajapani waliizamisha Hornet, meli ya kubeba ndege ya Marekani, lakini walipoteza marubani na wahudumu wa ndege wengi kuliko waliopotea Midway. Ushindi wa namna hiyo, mwanangu, unanihuzunisha kuliko kushindwa kwenyewe.

Wamarekani waliwarudisha nyumbani marubani wao wazoefu ili wawafundishe vijana. Wajapani waliwaacha wao vitani mpaka wakafa, na ujuzi wa miaka ukazama nao baharini. Hilo ndilo kosa ninaloliona kubwa kuliko yote, kwa sababu meli mpya ziliendelea kuundwa ilhali wa kuzirushia ndege hawakuwapo. Mafuta nayo yalipokuwa haba, saa za mafunzo zikapunguzwa, na Juni 1944, katika Bahari ya Ufilipino, vijana hao walipambana na rada na ndege za kivita za Marekani ziitwazo Hellcat, wakaangushwa kwa mamia katika muda wa siku mbili.

Oktoba ya mwaka huo, Admirali Ozawa wa Japani alipewa meli nne za kubeba ndege zenye ndege 100 na ushei tu, akatumwa kuwa chambo cha kuwavuta Wamarekani mbali na Leyte, kisiwa cha Ufilipino. Zote nne zilizamishwa, ikiwamo Zuikaku, ya mwisho kati ya zile meli sita za kubeba ndege zilizoshambulia Pearl Harbor, kituo cha majini cha Marekani, Desemba 1941.

Nakupenda,
Baba yako